Uso wa Jumamosi

"Mama, kati ya hivi, vipi havitakiwi kukutana usoni?"

Muuza vipodozi aliacha kufuta rafu. Siku zote watu walimuuliza kipi kinapatana na kipi. Msichana huyu, mtu mzima wa kutosha kujitegemea, alitaka kinyume.

"Hiki cha tindikali na hii krimu ya kuondoa makunyanzi. Kimoja kimoja havina neno. Vikikutana, ngozi inababuka."

"Nipimie vyote viwili."

Muuzaji alicheka, akidhani ni mzaha. Alicheka peke yake.

"Ni vya dada yangu," msichana alisema, akijipapasa shavu. "Kuna mtu anakuja kumwona Jumamosi. Makovu yanabaki, au baadaye yanapona?"

"Inategemea ngozi. Yake ikoje?"

"Kama yangu tu. Mafuta kwenye paji, kavu mashavuni."

Muuzaji alimwazia yule dada. Kikulacho ki nguoni mwako. Chini ya poda yake mwenyewe, kwenye taya, lilikuwepo baka la rangi ya jivu, zawadi ya krimu kutoka kwa rafiki wa ujanani. Mpaka leo hakujua kama rafiki yule alikuwa akijua anachompa.

Angeweza kumfukuza. Lakini ukimfukuza hapa, ataingia duka la pili, na huko hakuna atakayejali uso wa mtu.

"Ngoja nikupimie nyuma," alisema.

Nyuma ya pazia hakugusa tindikali. Kwenye chupa ya kwanza alitia maji mepesi ya kutuliza mafuta ya paji. Kwenye kikopo alitia krimu nzito ya kunywesha mashavu. Alinusa, akapunguza, akaongeza. Hakuwahi kuchagua kwa uangalifu namna ile, hata kwa binti yake wa kumzaa. Vitu viwili vile vilipatana kama chanda na pete.

"Apake vyote pamoja, asubuhi na usiku," alimwambia msichana.

"Mbona havinuki ukali?"

"Vya ukali wa kweli havinuki. Na vinachelewa kuanza kazi, asiache kupaka."

Msichana aliushika mkono wake kwa mikono miwili, yote baridi. "Mungu akubariki, mama."

Baraka ile ilimchoma muuzaji kama mwiba wa samaki. Hata hivyo usiku alilala vizuri. Uso wa mtoto wa watu ulikuwa umesalimika.

Mwezi haukuisha, msichana akarudi, nyuma ya mzee mmoja mwenye mkongojo. Ngozi yake iling'aa kiasi cha kumfanya muuzaji atabasamu. Kumbe amejipaka mwenyewe, alidhani. Labda roho ilimsuta.

"Shikamoo, mzee. Karibuni. Na dada yako hajambo?"

Msichana alimtazama tu, bila kupepesa macho.

"Dada gani?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu kwao kazaliwa peke yake." Akampitisha kidole shavuni taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa. "Jumamosi ile nilikwenda kumtazama tu. Nilipouona uso huu, nikamwambia baba yake sina cha kungojea. Mfungie mke wangu vilevile vya siku ile, mama. Vya mwaka mzima."