Mfupa wa Futari

"Toka Kabezi mpaka Nyanza, ugonjwa ambao mimi siujui bado haujazaliwa," Zuwena alimwambia Uledi, msaidizi wa daktari, hata kabla hajaketi. "Isipokuwa huu wa mume wangu. Na ule uliomwondoa mama yangu. Na ule wa kuku."

Uledi hakucheka. Alikuwa akimtazama mume mwenyewe, Radjabu, muadhini wa Rumonge, aliyeegemea nguzo ya banda kama kanzu iliyoanikwa. Miezi minne hakumeza tonge sawasawa. Kwanza ugali ulikataa kushuka, kisha wali, kisha ndizi za kuponda. Tangu juzi hata maziwa yalikuwa yakirudi.

Kambi ile Wadachi waliijenga kwa ajili ya wagonjwa wa malale. Koo halikuwa kazi yao. Lakini Zuwena alimpakia mumewe kwenye mtumbwi akamleta, maana waganga wa nyumbani walikuwa wamefika mwisho. Bi Kulthumu alimmezesha matonge makavu ili yasukume mfupa aliosema umemkwama kooni, yakamrudia puani. Mwingine alimnywesha maji ya ndimu ili mfupa ulainike. Muadhini mzima akalia kama mtoto.

Zuwena alikaa, akasimama, akafunga leso yake kiunoni, akaifungua.

"Mfupa uliingia lini?" Uledi aliuliza.

"Ramadhani, siku ya kumi na tisa. Naikumbuka vizuri, baba. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Mchana ule mbuzi akaingia uani akanywa maji yangu ya majivu, yale ya kupikia sabuni ya mawese, nimeyachemsha yakawa makali mpaka yai linaelea. Nikakuta mtungi umepungua. Nikamchapa mbuzi yule mpaka fimbo ikakatika, na wala hakujali, akarudi zake kutafuna migomba. Halafu jioni Bakari, yule mfagiaji wa msikiti, akaadhini, na sauti yake ile ya jogoo aliyekabwa, nusu ya mji wakakataa kufungua wakidhani kuna mtu anafanya mzaha..."

"Mama, nimeuliza mfupa. Sikuuliza mbuzi."

"Si nafika? Tukafungua kwa samaki, mukeke wa kuchoma. Huyu akaonja kidogo tu, akashika koo, akasema mfupa. Toka siku ile, yuko hivi unavyomwona."

Radjabu alitikisa kichwa kukubali. Sauti iliyobaki ilikuwa ya kukwaruza sufuria. "Wa mukeke," alisema. "Wa futari."

Na neno la Radjabu lilitosha. Ramadhani ile ile alimkamata jirani yao Idi akitafuna hindi mchana, akamtembeza sokoni na gunzi likiwa limefungwa shingoni. Idi alihamia Gatete kwa aibu, na mpaka leo hajarudi hata kwa mazishi.

Daktari alikuja, Mdachi mrefu mwenye mikono safi kupita kiasi. Alichukua kijiti laini cha mpira, akakichovya kwenye mafuta, akamwashiria Radjabu akimeze polepole. Kikafika kifuani, kikagoma. Akachukua chembamba zaidi, kama unyasi. Hicho kilipita, lakini kwa kusuguana. Akakivuta, akakipima kwa kidole, akasema maneno mengi.

"Bwana anasema mfupa hubana mahali pamoja," Uledi alifasiri. "Hapa njia imekuwa nyembamba urefu wa kidole kizima, kama ngozi iliyoungua ikajikunja. Anauliza, huyu aliwahi kunywa kitu kikali? Dawa? Magadi? Maji ya majivu?"

"Mimi?" Radjabu alisema. "Mfupa."

Daktari akaweka vitu viwili mezani. Kimoja kilikuwa fungu la vijiti vya mpira, kuanzia unyasi mpaka unene wa kidole gumba. Cha pili kilikuwa chuma kirefu chenye ndoano nchani.

"Kama aliungua, ni vijiti," Uledi alisema. "Leo hiki chembamba, kesho kutwa kinachofuata, njia inapanuka kidogo kidogo, na baada ya miezi anakula ugali wake. Kama ni mfupa, ni ndoano, sasa hivi. Lakini ndoano ikiingia kwenye koo lililoungua itapasua, na atakufa papa hapa. Bwana hawezi kuona ndani. Anataka mwenyewe aseme."

"Baba Asiya, sema," Zuwena alimhimiza.

"Nimekwisha sema."

"Basi apa," Uledi alisema.

"Muadhini haapishwi."

Daktari aliinua mabega, akaichukua ndoano. Radjabu akaachama. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ndevu, na vidole vyake vilikuwa vimeikamata mbao ya benchi kama vya mtu anayezama.

Zuwena alikaa, akasimama, akakaa. Macho yake yalikuwa kwenye kinywa kile kilichoachama. Miaka kumi na miwili kiliita watu, alfajiri na magharibi, kwa mvua na kwa homa, hata siku waliyomzika mama yake. Ndoano ilikuwa imeshafika kwenye meno.

"Ngoja, Bwana!"

Akamgeukia mumewe, akamsemesha kwa sauti ndogo, kama wako wawili tu jikoni.

"Baba Asiya. Kama mfupa ulikukwama tukila futari, mbona adhana ya kufungulia aliadhini Bakari?"

Radjabu akafunga kinywa.

Uledi, bila kungoja amri, akaitwaa ndoano mkononi mwa daktari, akamsogezea kile kijiti chembamba.