Shimo la Mfinyanzi

Semeni alipotumwa na wakuu wa hifadhi kukagua jinsi wanakijiji walivyoutumia mto, hakuna aliyemsaidia kama Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu. Wengine walificha mitego na majembe yao. Yeye alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye shimo alimokuwa akichimba udongo, ukingoni mwa mto. "Andika, mwanangu," alimwambia, "wajue na sisi tupo." Semeni akaandika yote, kwa nia njema.

Miezi mitatu baadaye alirudi na barua. Nyamizi alimwona kwa mbali, akapanda kutoka shimoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea kibali?"

Semeni alimnyooshea barua. "Wamekataza kuchimba, mama. Wanataka shimo lifukiwe."

"Langu tu?"

"Ndilo pekee lililoandikwa."

Nyamizi hakugomba. Alitazama vidole vyake vilivyojaa udongo, kisha akashuka tena, akaanza kuporomosha kingo kwa mikono. Laiti Semeni angeweza kuufuta ule mstari mmoja! Alivua viatu ili akamsaidie, lakini akasita pale juu. Chini, maji ya mto yalikuwa yakijipenyeza shimoni, yamekwisha kumfika Nyamizi magotini.