Mkebe wa Tisa

Jumatano, tarehe tisa Machi. Manyunyu tangu alfajiri.

Miezi kumi na mmoja Tunu alikuwa akiwajaribia fukusi dawa yake ya majani. Katika mikebe minane yenye dawa, walikuwa wamebungua mahindi yote. Katika wa tisa, usio na dawa, mahindi yalikuwa mazima na fukusi wamekufa.

“Huu ulifunikwa kwa kitambaa kama mingine?” aliuliza kwa sauti iliyochoka.

Hamadi, fundi wa maabara, alijikuna kichwa. “Kitambaa kiliisha, dada. Nikaweka kifuniko, nikaziba kwa nta ya mshumaa. Nilijua utanigombeza.”

“Basi walikosa hewa.”

“Utupe mkebe huo,” alisema Bi Rukia, mkuu wao, akiwa mlangoni. “Na ukiandika dawa imeshindwa, wafadhili hawatakuongezea mwaka wa utafiti.”

Tunu aliukumbatia mkebe, akafumba macho, midomo ikicheza kwa dua fupi.

“Nisikilizeni nyote wawili,” alisema. “Nitaandika kwamba dawa yangu haikufaa. Na kosa la Hamadi lililowaua fukusi nitaliandika kwa jina lake, kisha nitalirudia kwa mikebe ishirini, hata kama ni jikoni kwangu.”