Blanketi Ndani ya Friza

Mizigo ya Mwanahawa ya kurudi kwao ilikuwa imeshapakiwa kwenye mkokoteni alipokumbuka blanketi la marehemu mama yake. Akalikuta ndani ya friza, limezungushwa kwenye sufuria ya maji, limeganda kama ubao.

"Shamte, umerukwa na akili?"

"Blanketi linazuia baridi ya pembeni. Ikiingia kwa juu tu, mke wangu, ule weupe wote wa barafu hushuka chini. Si ulitaka barafu inayoonyesha ng'ambo, ya sharubati zako?"

"Nilitaka miaka sita iliyopita, bwana we!"

Hata hivyo akaketi kusubiri liyeyuke. Shamte akaitoa barafu, akakata sehemu ya chini yenye ukungu, akampa iliyobaki. Mwanahawa akaiinua, akamwona mumewe upande wa pili, hadi mvi za nyusi.

Mwenye mkokoteni alichoka kungoja, akashusha mizigo, akaenda zake. Blanketi lilikauka siku ya tatu. Mwanahawa aliondoka siku ya nne, akaliacha limetandikwa kitandani. Shamte hajalikunja mpaka leo.