Samaki Asiyehama

"Mheshimiwa Jaji, samaki huyu si kitoweo!" wakili aliyemtetea samaki alisema, na mahakama nzima ikaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Picha ya samaki ilikuwa ukutani: mdogo kama kidole gumba, doa la njano mkiani. Duniani kote hapatikani ila katika bonde moja tu, lile ambalo kampuni ya umeme ilitaka kuligeuza bwawa.

Wakili wa kampuni, mzee mwenye kitambi cha kuheshimika, aliinuka taratibu. "Mheshimiwa, sisi si wakatili. Tutawahamisha. Tangi la kisasa, maji safi, chakula bure. Mimi mwenyewe ningehamia!"

Kicheko tena. Jaji akagonga meza, akamgeukia mtaalamu wa samaki aliyekuwa kizimbani. "Hilo linawezekana?"

"Tulijaribu, Mheshimiwa. Tuliwapa kila kitu. Walisusa kula, wakafa wote."

"Walikosa nini?"

"Kwao."

Wakili wa samaki alivuta bilauri mezani. Akanywa maji, akajifuta macho kwa ukingo wa joho. Karani akamnong'oneza mwenzake, "Makubwa! Mtu mzima kumlilia dagaa!"

Baada ya mapumziko jaji alisoma hukumu. Kiumbe aliye hatarini kutoweka, asiyeweza kuhamishwa, sheria inataka aachwe alipo. Bwawa halitajengwa.

Nje, waandishi wa habari walimzonga. "Wakili, ulianza lini kumpenda samaki huyu?"

"Mwaka jana," alijibu, akajipenyeza garini.

Wenzake walimngoja hotelini wampongeze, wakamngoja bure. Yeye alishika barabara ya vumbi mpaka bondeni, kwenye nyumba ya mabati iliyo hatua chache kutoka mtoni. Mama yake aliketi kizingitini, mizigo imefungwa kamba tayari, masufuria juu, godoro chini.

"Wamesemaje, mwanangu? Nifungue?"

"Fungua, mama. Huendi popote."

"Alhamdulillahi! Safari hii jaji ameniona!"

"Hajakuona, mama. Kesi yako tulishindwa mwaka jana, walisema mtu anahamishika." Akamwonyesha picha kwenye simu. "Wamemwona huyu."

Mama alimkazia macho samaki yule, kisha akainama kufungua fundo la kwanza.

"Haya," alisema. "Kuanzia leo mimi ni mpangaji wake."