Kifaa Kilichozoea Bangili

Mashauri, mpiga mbizi, aliibuka bwawani na kifaa chake cha kutafutia chuma na shaba chini ya maji, kidogo kama tochi. Ilikuwa siku ya sita, na adhuhuri hiyo lango la bwawa lingefunguliwa, maji yasombe kila kilichomo. Maiti ya Kabula ilikuwa haijapatikana.

"Hakijalia?" aliuliza Bi Nyamizi, mama wa marehemu. "Mwanangu alizama na bangili ya shaba."

"Kimya, mama. Na kila asubuhi nakirekebisha humo humo majini, kizoee maji, kisilie ovyo."

"Na bangili yangu niliyokuvisha siku ya kwanza, pacha ya yake, ukiwa nayo?"

"Sijaivua hata siku moja, ma..."

Akaitazama bangili mkononi. Kifaa kile hurekebishwa mbali na shaba yoyote. Yeye alikuwa amekizoesha kuinyamazia.

"Sema tu, baba."

"Huenda nimempita, mama. Huenda kila siku."

Bi Nyamizi alikichukua kifaa, akakisuuza kwa maji safi.

"Nitegulie kitendawili basi," alisema. "Hakina jicho, kina sikio, na mwenyewe kaliziba."

Mashauri aliivua bangili. Mama akaendelea kutoa mchanga kwenye mpira wa kifuniko chake kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio.