Jibini ya Uvira

Tanuri la Meshack halikuwa na pizza hata moja ndani yake, lakini lilikuwa likiwaka tangu Jumatatu. Moshi ulitambaa juu ya mabati ya Ujiji ukashukia ziwani, na mtaa mzima ulitaka tanuri hilo lizimwe.

Meshack hakujali. Kwenye mambo ya pizza huyo bwana alikuwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Pizza kwake ni mkate kwanza, hayo mengine mapambo. Unga ulale usiku kucha, uumuke wenyewe bila haraka ya mtu. Nyanya ziwe za Kalinzi, zipondwe kwa mkono. Dagaa wa Kibirizi waoshwe mpaka mchanga uishe, wala wasitupwe juu kama mtu anayelisha kuku. Kuni za mkaratusi marufuku, zinaupa mkate harufu ya dawa ya kifua. Na anayetaka tomato ya chupa aende zake akale chipsi.

Hata mzee Telesphory wa nyumba ya pili alipofariki, jiko la kwake likazimwa kama desturi ya msiba ilivyo na majirani wakaanza kupeleka vyakula, Meshack alipeleka pizza. Akasimama mlangoni kuwafundisha wafiwa kwamba pizza huliwa ya moto, haisubiri mahubiri. Mkewe, Merina, alimvuta shati mpaka nje. Walirudi nyumbani wakicheka kwa aibu.

Asubuhi hii alikuja Irambona, mpishi wa nyumba ya wageni kule Mwanga.

"Kaka Meshack, nina wageni wanataka pizza. Nifanyie hata mbili."

"Jibini haijafika."

"Si ipo madukani?"

"Ile ya kwenye makaratasi? Ile sabuni." Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayesoma maandishi ukutani. "Mimi natumia ya milimani Kongo, ile inayouzwa Uvira. Na anayeijua ni Merina, ndiye aliyeifuata kwa boti. Anaibonyeza kwa kidole gumba. Ikirudi, anaichukua. Ikibaki na shimo, anaiacha hapo hapo."

Irambona aliaga kwa sauti ya chini na hakuulizia tena pizza.

Baada ya adhuhuri akaja balozi wa mtaa, Feliksi, kofia mkononi.

"Mdogo wangu, lizime hili tanuri."

"Likipoa, udongo wa kichuguu unapasuka. Jibini ikifika nianze kujenga upya?"

"Watu wanakusubiri wewe, Meshack."

"Waambie wasubiri jibini, kama mimi."

Feliksi alipangusa macho kwa kofia yake.

"Moshi huo," Meshack alimwambia. "Sogea upande huu."

Akatupia kuni nyingine. Cheche ilimrukia mkononi. Aliiona ikiunguza ngozi, wala hakuhisi kitu. Ndivyo alivyokuwa wiki nzima, ganzi tupu. Alikanda unga, ukaumuka, ukachacha, akaumwaga, akakanda mwingine. Alipoulizwa kuhusu pizza alijibu vizuri. Alipoulizwa jingine lolote, alirudi kwenye pizza.

Rahabu, dada yake Merina, akaingia na hotipoti la ugali na samaki wa migebuka, kama alivyokuja jana na juzi.

"Shemeji, kula."

"Rudi nacho. Kwangu moto unawaka. Nitapika mwenyewe."

"Unapika nini, shemeji? Hujala."

"Nitapika jibini ikija."

Rahabu hakubishana. Alikaa juu ya kiroba cha unga, hotipoti mapajani, akaangalia moto. Meshack akamweleza kwa nini pizza haikatwi ikiwa bado ndani ya tanuri. Rahabu aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyewahi kubisha jambo hilo.

Alasiri wakaingia wavuvi wawili wa Kibirizi. Walikuwa wamebeba ndoo ya bluu yenye mfuniko, imezungushiwa kitenge cha njano na kufungwa fundo. Feliksi alikuwa nyuma yao, na nyuma ya Feliksi majirani walisimama kwenye wigo.

"Shikamoo," alisema mvuvi mdogo, aliyeitwa Yona. "Tumeambiwa ni ya kwako."

Meshack alipiga magoti akafungua fundo. Lilimchukua muda, kwa sababu Merina hufunga mara mbili, hamwamini mtu na jibini yake. Alipoondoa mfuniko, ndani kulikuwa kukavu. Akatoa jibini moja, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikarudi.

"Kachagua vizuri," alisema.

Akairudisha ndani, akafunika, akakunja kitenge kwa utaratibu, pembe kwa pembe.

"Mmeipata wapi?"

"Mbele ya Kagunga. Ilikuwa inaelea ziwani."

"Peke yake?"

Yona alitazama miguu yake. "Peke yake, kaka."

Meshack alisimama. Akanyanyua ndoo ya maji ya kukandia unga, akaimwaga yote mdomoni mwa tanuri. Mvuke ulipanda, na udongo ukapasuka kutoka juu mpaka chini, kama alivyosema siku zote kwamba utapasuka. Kisha akakaa chini pale pale kwenye matope, akamnyooshea Rahabu mikono yote miwili.

"Shemeji," alisema, "lete hicho chakula."